Ntafuta Funguo Zote

"Nani wa mwisho kuushika?" Bashiru aliuliza tena, na macho yake yakaenda tena kwa dereva.

Faustino alikuwa amesimama mlangoni, kandambili mkononi, kwa sababu hakuwa na tabia ya kuingia sebuleni mwa tajiri wake na viatu. "Mimi, bosi. Niliosha gari, nikafunga milango. Nikasema hodi, mama akaitikia kutoka uani, nikatundika ufunguo kwenye msumari. Nikaondoka."

"Msumari huu?"

"Huo huo."

Bashiru aliugusa msumari uliokuwa nyuma ya mlango, kana kwamba ungeweza kutoa ushahidi. Tangu alfajiri alikuwa amegeuza mito ya makochi, amekung'uta zulia na kumwaga viatu vyote vya kapuni. Gari lenyewe, Noah nyeupe iliyochakaa, lilikuwa nje limefungwa kimya, na abiria waliozoea kupanda nalo kwenda Nangurukuru walishapata usafiri mwingine. Lilikuwa na ufunguo mmoja tu. Aliyemuuzia alidai wa pili ulipotea kabla gari halijafika Kilwa.

Kudra, dada yake Bashiru, alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele. Alikuwa ameachika na kurudi kwa kaka yake, na riziki yake ilikuwa kukaanga samaki na mihogo barazani. Hakuinua uso. "Kaka, ufunguo hauna miguu. Wewe tafuta mwenye miguu."

"Ndicho ninachofanya."

"Basi usizunguke. Sema."

Bashiru hakusema, lakini kila aliyekuwa pale alisikia. Jumamosi alikuwa anakuja mnunuzi kutoka Lindi kulijaribu gari. Bashiru alitaka kuliuza ili aingie ubia na rafiki yake kwenye lori la kubeba ufuta. Likiuzwa, Faustino hatakuwa na gari la kuendesha. Hata mtoto angeweza kuona nani alikuwa na sababu ya kuuficha ufunguo.

"Bosi," Faustino alisema, "kama unanidhania mimi, niambie."

"Sijamdhania mtu. Nimeuliza tu."

Siti, mke wa Bashiru, alileta chai. Aliweka kikombe mbele ya mume wake, kingine akampelekea Faustino mlangoni. Faustino alisema asante mama. Siti akarudi uani upesi, kwa sababu ufunguo alikuwa nao yeye.

Ulikuwa ndani ya kopo la chumvi jikoni, umefungwa kwenye kipande cha kanga. Siti hakuwahi kuiba kitu maishani, na hata sasa hakujiona kama ameiba. Unaibaje kitu ulichokinunua?

Baba yake alipofariki alimwachia shamba la mikorosho njia ya Kinjumbi. Bashiru alimshawishi waliuze wanunue gari, akimwambia shamba linaleta fedha msimu mmoja, gari linaleta kila siku. Siti akakubali. Alitia saini mwenyewe mbele ya wanunuzi, na siku hiyo akalia njia nzima kurudi nyumbani, mume wake akimbembeleza. Lakini kadi ya gari ilipotoka, ilikuwa na jina moja, la Bashiru. Siti hakuuliza. Aliona aibu kuuliza, kana kwamba anamhesabia mume wake.

Aliuliza juzi tu, aliposikia habari za lori. Walikuwa wanakula.

"Baba Naima, hili gari unaliuza bila kuniambia?"

"Si nakwambia sasa."

"Umeniambia umeshapatana na mtu."

"Mama Naima, kadi ina jina la nani?"

Aliuliza kwa upole, akiendelea kumega ugali. Upole huo ndio uliomchoma Siti. Usiku huo alimtumia ujumbe kaka yake Abdurahmani, aliyekuwa Tandahimba kwa shughuli za korosho, aje wakae kikao. Abdurahmani akajibu kwamba hawezi kufika kabla ya wiki ijayo. Mnunuzi alikuwa anakuja Jumamosi. Siti alichohitaji ni siku chache gari lisitembee. Basi jioni ile Faustino aliposema hodi, aliitikia, akasubiri hatua zake ziishe, akaenda nyuma ya mlango.

Hakumfikiria Faustino hata kidogo. Na kama angemfikiria, angejiambia kwamba anamsaidia, kwa kuwa gari lisipouzwa, na yeye kazi yake imebaki.

Namba ya fundi wa funguo ilitoka kwa mtu aliyewahi kupoteza ufunguo wa gari lake huko Mchinga. Aliitwa Ramadhani, kijana aliyekaa Lindi na kuzunguka pwani yote na begi lake, akitengeneza funguo za magari mahali gari lilipo. Bashiru alimpigia simu akiwa amesimama barazani, sauti kubwa, ili mtaa usikie kwamba jambo linashughulikiwa.

"Mzee wangu, hiyo Noah ina chipu," sauti ya kijana ilisikika. "Siyo kuchonga tu. Lazima gari litambulishwe ufunguo mpya. Naweza kuja kesho, lakini unanirushia kwanza nauli na cha kuanzia."

"Nikurushie wakati sikujui?"

"Na mimi sikujui, mzee wangu. Nikifika Kilwa nikute umezima simu, nani atanirudisha?"

Bashiru alikata simu akacheka kicheko cha hasira. "Matapeli hawa. Unarusha leo, kesho namba haipatikani."

"Usirushe," Siti alisema haraka kidogo kuliko alivyotaka.

"Nisirushe, Jumamosi nimwambie mtu wa watu nini? Asukume?" Alizunguka baraza, akarudi, akarusha nusu ya alichoombwa. Kisha akakaa na simu mapajani, anaitazama kama mtu anayesubiri kudhihakiwa.

Ujumbe uliingia baada ya alasiri. Macho ya Bashiru yalikuwa hayaoni herufi ndogo, kwa hiyo alimpa mke wake. "Soma. Soma kama alivyoandika."

Siti akasoma: "Mzee wangu nimeipata kesho nipo kwako. Nikifika ntafuta funguo zote za zamani ndo natengeneza mpya. Kama kuna mtu ana nyingine aitoe mapema. Nikishaanza nisilaumiwe."

Akamrudishia mume wake simu.

"Atatafuta?" Kudra aliuliza. "Atazitafuta wapi?"

"Ndivyo alivyoandika," Siti alisema. "Atatafuta funguo zote za zamani."

Kijana yule alikuwa ameandika mbiombio, kama vijana wanavyoandika kwenye simu, na mtu mwingine angelirudia lile neno mara ya pili. Lakini msomaji alikuwa na ufunguo ndani ya kopo la chumvi. Alisoma alichokiogopa.

Bashiru alikaa wima. "Ana kifaa. Nilikiona bandarini Dar es Salaam, kijiti fulani walinzi wanakipitisha mwilini mwa mtu, kikikuta chuma kinalia. Watu wa funguo watakikosaje?"

"Basi apite nacho vyumba vyote," Kudra akasema. "Na changu apite. Mimi sina kitu, nina sufuria tu. Kikilia, kinalilia sufuria."

"Atapita kila mahali. Ndani na uani." Bashiru aliinua sauti ifike kwenye banda la uani alikokuwa akilala Faustino, ambaye wakati huo alikuwa anashona mkanda wa begi lake. "Na aliyenao autoe leo, tutacheka yaishe. Kesho kikilia kwa mtu, sitacheka."

Faustino alitoka nje akiwa na sindano mkononi. "Bosi, na kwangu apite. Aanzie kwangu."

"Ataanzia atakapotaka yeye."

"Mimi nimeomba tu."

Alirudi ndani. Kudra akamnong'oneza wifi yake, "Umemwona? Anajitetea kabla hajaitwa." Siti alisema ndiyo, na hakujua ameitikia nini.

Magharibi ilipoadhiniwa na Bashiru akaenda msikitini, Siti aliingia jikoni, akatoa kile kipande cha kanga kwenye chumvi, akaufungua ufunguo. Kuutupa hakuweza, maana siku Abdurahmani akija na mambo yakiwekwa sawa, gari litahitaji ufunguo. Kuubakiza ndani hakuthubutu. Kijiti kingelia, na Bashiru angesimama juu ya kopo lake la chumvi na fundi pembeni.

Alitoka uani. Giza lilikuwa linaingia. Karibu na bomba Kudra alikuwa anasuuza samaki kwa kesho, kampa mgongo, na akili ya Siti haikuwa na nafasi ya kuchagua. Palikuwa na gunia la mkaa limeegemezwa ukutani, mdomo wazi. Alisukuma ufunguo ndani mpaka mkono ukaingia hadi kiwiko, akauosha mkono kwenye ndoo, akaenda kuswali.

Ni kwenye sijda ndipo alipokumbuka kwamba ukuta ule ulikuwa wa banda la Faustino, na gunia lile alilileta Faustino mwenyewe kutoka Njinjo, amelinunua kwa fedha yake, anataka kulipeleka kwa dada yake. Alijiambia ataamka mapema auhamishe.

Lakini Kudra alikuwa ameamka kabla yake. Mkaa wake wa biashara ulikuwa umeisha, na alikuwa na mazoea ya kukopa penye gunia lililo wazi. Alimimina vipande kwenye jiko, na katikati ya vile vipande vyeusi kikaanguka kitu kikalia kwenye bati.

"Kaka," aliita. Hakupiga kelele. Aliita kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake kula. "Kaka, njoo uone. Fundi bado hajafika na ufunguo umeshalia."

Faustino alikuwa ametoka. Gari likiwa limesimama, asubuhi zake alizipeleka kwenye kijiwe cha bodaboda karibu na soko, ambako vijana walikaa juu ya pikipiki zao wakisubiri abiria na kubishana habari za mpira. Alikuwa amekaa kwenye benchi anakula karanga Bashiru alipofika, ufunguo umening'inia kidoleni, masizi ya mkaa yamemchafua kiganja.

"Unaujua huu?"

Faustino alisimama. Uso wake ulifurahi kwanza. Watu waliokuwepo walikumbuka jambo hilo baadaye. "Umepatikana, bosi? Alhamdulillahi," akasema, yeye Mkristo, kwa mazoea ya kuishi na watu wa nyumba ile.

"Usinichezee. Umepatikana kwenye gunia lako."

"Gunia lipi?"

"Una magunia mangapi? Gunia lako la mkaa, ukutani kwako. Ulijua leo mashine inapita ndani ukautoa nje. Toa vitu mfukoni."

"Bosi."

"Toa. Huenda umeshachonga na kopi."

Faustino aliwatazama wale vijana mmoja mmoja, halafu akaanza kutoa. Alitoa simu. Alitoa noti chache zilizokunjwa, karanga zilizobaki kwenye karatasi, na rozari ya mbao. Alivipanga juu ya benchi vizuri, kama mtu anayepanga bidhaa.

"Bosi, msachi vizuri," alisema Haruna, mmoja wa bodaboda. "Huenda na gari lenyewe limo mfukoni."

Wakacheka. Haukuwa uadui, walicheka kwa kuwa ilikuwa asubuhi na hapakuwa na abiria. Faustino aligeuza mifuko ya suruali nje, nyeupe, ikabaki imening'inia pande mbili.

"Sijaiba," alisema.

"Ulifikaje kwenye gunia?"

"Sijui."

"Hujui." Bashiru aligeukia kijiwe. "Nyote mmesikia. Mwizi wangu huyu hapa, nimekula naye, nimemlaza kwangu. Polisi simpeleki. Achukue vyake aondoke leo, na mwenye gari yeyote asiseme sikumwambia."

Ramadhani fundi alifika jua limepanda, nyuma ya bodaboda iliyomchukua Nangurukuru, begi kubwa jeusi kifuani. Alikuwa mwembamba, fulana imembana, na aliongea kama watu wa Dar es Salaam ingawa alizaliwa Lindi.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Umekuja kweli."

"Ulidhani nimekula fedha yako." Alicheka. "Kabla sijagusa gari, naomba kadi, kitambulisho chako, na mwenyekiti wa kitongoji asimame hapa."

"Gari langu, mlangoni kwangu, unataka mwenyekiti?"

"Usinichukie. Niliwahi kumtengenezea mtu ufunguo, anacheka nami vizuri, ananiletea soda. Kumbe gari la shemeji yake. Nililala mahabusu, mzee wangu, na soda yenyewe sijaimaliza."

Mzee Pazi, mwenyekiti, aliitwa akaja na fimbo yake na miwani. Alikagua kadi, akakagua uso wa Bashiru anayemjua tangu utotoni, akasema ndiye. Fundi akapiga picha kadi, akampiga picha na Bashiru, ambaye alisimama kando ya gari lake akiwa amekunja uso kama mshtakiwa.

Faustino alikuwa ameketi kwenye ngazi ya banda lake, begi miguuni. Leseni yake ya udereva ilikuwa ndani ya gari, kwenye dashibodi, na Bashiru alimwambia hafungui gari kabla fundi hajalikagua. Kwa hiyo alisubiri. Watu waliopita njiani walimwona, na yeye aliwaona wanavyomwona.

"Haya, ufunguo ulipotea lini?" fundi aliuliza akifungua begi.

"Umeshapatikana." Bashiru alimwonyesha.

Fundi aliutazama ufunguo, kisha akamtazama Bashiru. "Sasa mimi nimekuja kufanya nini?"

"Kutengeneza mwingine na huu usifanye kazi tena. Ulikuwa kwa mtu, sijui ameuchonga mara ngapi."

"Hapo sawa. Ndiyo kazi niliyokuandikia. Ntafuta zote, hata kama ana kumi zinabaki mabati."

"Umechelewa kutafuta, kijana. Tumeshatafuta wenyewe."

"Kutafuta?"

"Si uliandika utatafuta funguo zote. Kiko wapi hicho kijiti kinacholia?"

Fundi alisimama na waya mkononi. "Kijiti gani, mzee wangu? Mimi nafuta. Kufuta, kama ubao wa shule. Gari lina kumbukumbu, limeandika ndani funguo linazozijua. Nachomeka mashine hapa chini ya usukani, nafuta majina yote, naandika mapya. Ndiyo maana nikasema mwenye nyingine aitoe, nisije nikaiua halafu akanilaumu." Alianza kucheka. "Nikutafutie ufunguo mimi? Ningekuwa na mashine inayotafuta vitu, ningekuwa Lindi kweli?"

Mzee Pazi alicheka kidogo. Kudra, aliyekuwa kwenye jiko lake na upawa mkononi, hakucheka. "Kwa hiyo hakuna kitu ambacho kingelia?"

"Kitalia nini, mama? Labda simu yako."

"Na mtu aliyeuficha ndani ya nyumba, ungeukuta?"

"Ningeukutia wapi? Mimi huwa hata siingii ndani mwa watu."

Siti alikuwa amesimama kwenye mlango, mkono umeshika pazia. Alisikia neno moja likigeuka na kuwa lingine, na mambo yote aliyoyafanya tangu jana jioni yakawa hayana sababu. Ufunguo ungekaa kwenye chumvi. Kesho ungekuwa kwenye chumvi. Hakuna mtu aliyekuwa anakuja kuutafuta.

Na bado palikuwa na njia ya kunyamaza. Aliiona wazi kabisa. Faustino angeondoka na gari la mchana, na kwa jina baya au zuri angepata kazi mahali wasipomjua. Yeye angebaki mke mwema. Akisema, atakuwa mwanamke aliyemwibia mumewe, na Jumamosi gari litauzwa vilevile, labda na yeye arudishwe kwao. Fundi alifungua mlango wa dereva, akainama, akachomeka mashine yake. Kioo kidogo kikawaka.

"Huu wa zamani naufuta na wenyewe, au naubakiza?"

"Futa," Bashiru alisema.

"Mpe kwanza mwenzio leseni yake," Mzee Pazi alisema.

Bashiru alifungua dashibodi, akaitoa leseni, akainyoosha bila kumtazama Faustino, hivyo ikabidi Faustino aje aipokee mbele ya watu wote. Akaipokea kwa mikono miwili, kama alivyopokea mshahara siku zote.

"Niliuficha mimi," Siti alisema.

Hakuna aliyegeuka, kwa sababu alisema taratibu mno. Akatoka mlangoni, akateremka ngazi. "Ule ufunguo. Niliutoa kwenye msumari mimi, nikauweka kwenye gunia mimi. Faustino hajui chochote."

Fundi aliinua kichwa kutoka kwenye usukani, akakirudisha.

"Mama Naima, ingia ndani," Bashiru alisema.

"Siingii."

"Nimesema ingia ndani. Jua limekupiga."

"Niliusoma ujumbe vibaya. Nilidhani atapita na kifaa jikoni. Nikauhamisha jana magharibi, wewe ukiwa msikitini, wifi akiwa bombani."

Kudra aliweka upawa chini. "Ulikuja ukanawa mikono kwenye ndoo yangu," alisema polepole. "Nikajiuliza wifi ameshika nini."

Bashiru alimtazama mke wake, akamtazama Faustino, na uso wake ukabadilika. Shaka yake haikuondoka, ilihama tu. "Unamwokoa huyu. Kwa nini unamwokoa? Kuna nini kati yenu?"

Mzee Pazi alisema, "Bashiru."

"Niache, mwenyekiti. Mke wangu anajipaka masizi kwa ajili ya dereva. Nataka kujua kuna nini."

Faustino alikuwa ameinamisha uso. Aliitia leseni mfukoni.

"Kati yangu na yeye hakuna kitu," Siti alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka lakini haikukatika. "Kitu kipo kati yangu na hilo gari. Ni shamba la baba yangu. Nilikuuliza, ukaniuliza kadi ina jina la nani. Mwenyekiti amelisoma hilo jina sasa hivi. Nilitaka gari lisimame mpaka kaka yangu aje. Basi. Nilikosea, lakini nilikosea kwako. Huyu alikuwa hayumo."

Bashiru aliutazama ufunguo wa zamani uliokuwa bado kiganjani mwake, akautia mfukoni, akautoa tena.

"Shamba la kule Kinjumbi?" Mzee Pazi aliuliza.

"Hilo."

Mzee Pazi alivua miwani, akaifuta kwa kanzu. "Huyo mnunuzi akija Jumamosi, mleteni kwangu kwanza. Na Abdurahmani asubiriwe. Bashiru, umenisikia?"

Bashiru akageukia gari.

Siti alimgeukia dereva. "Faustino, nisamehe, mwanangu. Rudisha begi ndani."

Faustino alikuwa mtu wa maneno machache, na machache aliyonayo alitaka yawe sawasawa. "Asante mama, kwa kusema. Lakini hapa palikuwa na watu watano. Mimi niliitwa mwizi kijiweni."

"Nitamwambia baba Naima aende."

"Yeye hakujua. Aliyejua ni wewe."

Kudra alisema, "Unataka mwanamke wa watu akasimame kijiweni mbele ya bodaboda?"

"Sitaki, dada. Nimesema tu nilikoitwa." Akainama kuchukua begi.

Siti alijitanda kanga vizuri kichwani, akatoka njiani. Hakumwomba mtu ruhusa. Faustino akamfuata kwa mbali, kama inavyotakiwa, begi begani. Bashiru alipiga hatua moja kuwafuata. Fundi akasema kutoka ndani ya gari, "Mzee wangu, simama hapo, bila wewe sifuti kitu," na Bashiru akasimama.

Kijiweni walikuwa wengi kuliko asubuhi. Gari la abiria lilikuwa limeshusha watu na pikipiki zilikuwa zinaunguruma zikigombea mizigo. Siti alisimama mbele ya benchi. Maisha yake yote alipita hapo akiwa ametazama chini, na sasa hakujua mtu anaanzaje.

"Asalamu alaykum."

Wawili watatu waliitikia. Mmoja akamuuliza anakwenda wapi.

"Siendi mahali. Asubuhi Faustino aliitwa mwizi hapa," alisema. "Ufunguo..." Injini zikammeza.

"Mama, hatusikii," mtu alisema kutoka nyuma, na mwingine akacheka.

Haruna alikuwa juu ya pikipiki yake, mguu mmoja chini. Alimwona Faustino nyuma ya mama yule, na begi lake. Kicheko alichokuwa ameanza kikamwishia. Akainama, akazima injini. Aliyekuwa karibu naye akamtazama, akazima ya kwake. Wakafuatana hivyo, mmoja baada ya mwingine, mpaka zikabaki sauti za sokoni tu.

"Ufunguo niliuficha mimi," Siti alisema. "Mimi Siti, mke wa Bashiru. Niliuficha mimi na nikauweka kwenye gunia la Faustino mimi. Yeye hakuiba. Hakuwahi kutuibia hata senti. Mliosikia asubuhi, sikieni na hili."

Haruna aliteremka, akaenda kwenye benchi, akafuta karanga zilizosalia kwa kiganja, akampisha Faustino akae. Faustino hakukaa.

"Nakwenda Nachingwea kumsalimia mama yangu," alimwambia Siti. "Mkinihitaji, namba yangu mnayo. Ila apige bosi mwenyewe. Nataka nisikie ataniitaje."

"Nitamwambia."

"Na mkaa mpe dada Kudra. Ameshaanza kuutumia."

Siti alijaribu kucheka, ikawa siyo kicheko. Haruna alilichukua begi la Faustino kutoka begani, akaliweka mbele yake juu ya tangi, akalishika kwa magoti. Hakuiwasha pikipiki. Alisubiri kwanza yule mama aondoke, na wenzake wote wakasubiri naye.